Ufunguo Mmoja kwa Magari Yote

Gari lilifia getini, pua ndani ya gereji na mkia barabarani, usukani umekaza kama shahidi aliyenunuliwa. Nyuma yake lori la mchanga likapiga honi, na mengine yakaitikia, mpaka mtaa mzima ukajua kuna mtu kakwama.

Aliyekuwa ndani ni mkunga, bado kavaa sare ya zamu, nywele zimemchomoka kwenye kitambaa. Nyundo, mnyoosha bodi wa gereji ile, aliinuka kwenye tairi lake la kukalia akaja kutazama.

"Kichwa kimeingia, mwili umegoma," alisema. "Hii si kazi yako hii, mkunga?"

"Mtoto akikwama hivi hatusimami kumpigia porojo, mjomba. Tunamtoa. Niitie shangazi."

Shangazi alikwishafika. Pale gerejini walimwita Bi Tupa, jina alilopewa ujanani kwa sababu ya mkono wake: ukimpa tupa na kipande cha chuma, alikuchongea ufunguo kwa macho tu. Umeme wa magari na vitasa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mkunga alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake, na yeye ndiye aliyemlea tangu ana miaka sita.

"Limefanyaje?"

"Nimepanda hiki kituta cha getini, injini ikazima. Nataka kukata kona, usukani haugeuki. Ufunguo umejirudisha wenyewe, shangazi. Mimi sikuugusa."

Bi Tupa alipitisha mkono dirishani akaupapasa ufunguo. Ulikuwa umerudi mpaka kwenye alama ya kufunga, na chini yake umening'inia mzigo mzima: funguo za nyumba, za kabati la dawa, za wodi, na mkasi mdogo. Alitikisa usukani huku akizungusha ufunguo. Kifuli kikaachia kwa mlio mkavu, koch, na magurudumu yakajigeuza kidogo upande wa kushoto, ingawa hakuna aliyeyageuza. Wakalisukuma gari mpaka kivulini.

"Kitasa kimekwisha," alisema. "Kifuli cha usukani na swichi, vyote vinatoka. Kile kipya nilichokwambia ununue kiko wapi?"

"Kwenye buti, na funguo zake mbili."

"Basi nenda kalale."

"Silali mimi. Nikilala nitaota hicho kituta." Mkunga aligeuza ndoo akaikalia, akaegemea ukuta, na kabla ya dakika tano alikuwa kasinzia mdomo wazi.

Bi Tupa alimtazama kidogo. Usingizini alikuwa baba yake mtupu.

Huyo baba yake, miaka ishirini na miwili nyuma, alikuwa dereva wa idara ya afya. Asubuhi moja, kweupe, barabara kavu, gari lake halikukata kona ya korongoni. Lilinyoosha moja kwa moja kama lililoitwa. Ripoti ilikuwa na sentensi tatu, na Bi Tupa alizijua kama mtu anavyolijua kovu lake. Dereva alikuwa amelewa. Usukani ulikaguliwa ukakutwa mzima. Ajali imetokana na uzembe wa dereva. Ulevi gani? Alikuwa kabeba dumu la spiriti ya kusafishia vidonda, likapasuka, gari zima likanuka. Mtu ambaye hata harusini aliomba maji. Lakini waliokaa wakaandika ile ripoti hawakuwa na haja ya kujua marehemu alikunywa nini. Walikuwa na haja na marehemu mwenyewe, kwa sababu marehemu habishi.

Kwa sentensi hizo tatu mjane alifukuzwa nyumba ya idara kabla matanga hayajaanuliwa. Mama yao Bi Tupa na marehemu aliacha kutoka nje mpaka siku alipotolewa kwa jeneza. Na mtoto wa miaka sita akaitwa mtoto wa mlevi darasa baada ya darasa, na walimu wakisikia.

Tangu hapo Bi Tupa alikuwa na dai moja duniani: sentensi zile zifutwe. Aliandika barua. Alisimama katika kila mkutano ambao mkubwa alithubutu kuuliza kama kuna swali. Walimwachisha kazi karakana ya serikali, akapata muda zaidi wa kuandika. Walinzi wa ofisi tatu waliujua mwendo wake kwa sauti ya viatu. Na kila mahali alisema lile lile: magari yale yalikuwa makopo, Bwana Mpango alijua, na vyuma vya usukani havikubadilishwa kwa kuwa alitaka asifiwe kwa kubana matumizi. Bwana Mpango ndiye aliyekuwa mkuu wa karakana; walimwita hivyo kwa sababu hakuweza hata kuomba chumvi mezani bila kuanza na "mpango ni huu."

Watu waliiogopa kumbukumbu ya Bi Tupa kuliko mdomo wake. Alikumbuka nani alikaa upande gani wa meza siku ripoti iliposomwa, nani alivaa shati la mistari, nani alicheka mjane alipoanguka. Alikumbuka yote. Ndivyo alivyoamini.

Alichomoa terminali ya betri, akaingia kwenye kiti cha dereva. Kiti kilimpokea vibaya. Kilikuwa kimebonyea upande mmoja, kilivyobonyezwa na mtu mwembamba mwenye mazoea ya kuegemea mlango. Jua lilikuwa limekwishapata bati, na kutoka chini ya zulia ikapanda harufu kali, ya baridi, ya hospitali. Alijiambia ni dawa za mkunga. Mkunga hubeba dawa. Akafungua skrubu tatu za kava ya plastiki, nguzo ya usukani ikabaki uchi.

Kifuli cha usukani hufungwa kwa bolti mbili za namna yake. Ukizikaza mpaka mwisho vichwa vinakatika, vinabaki visiki ambavyo spana haivishiki. Mwizi akija apate taabu. Fundi akija anapata taabu hiyo hiyo. Bi Tupa aliwasha tochi atafute pa kuegemeza tindo.

Kisiki cha kwanza kilikuwa kimesuguliwa kwa tupa mpaka kikang'aa, na juu yake zimegongwa nukta tatu.

Akazima tochi. Akaiwasha. Zilikuwa pale pale.

Karakana ya serikali kila fundi alikuwa na alama yake ya kugonga kwenye kazi. Agizo la Bwana Mpango hilo, ili kitu kikiharibika ajulikane wa kulaumiwa. Mmoja aligonga mstari, mwingine mkato wa msalaba. Nukta tatu zilikuwa za fundi mmoja tu, na fundi huyo sasa alikuwa amekaa na tochi mkononi.

"Nyundo," aliita, kwa sauti ya chini. "Fungua boneti. Kwangua rangi pale panapogongwa namba ya chesisi, unisomee."

Nyundo alikwangua, akapuliza, akaanza kusoma tarakimu moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika ya nne, Bi Tupa alianza kuzitaja pamoja naye. Ya sita akamtangulia. Tatu za mwisho alizitaja peke yake.

Nyundo aliinua kichwa. "Umeisomea wapi ukiwa humo ndani?"

"Nimeiandika zaidi ya mara mia."

"Kwenye zile barua?"

"Kwenye barua."

Nyundo alimtazama mkunga aliyelala, kisha akaishusha boneti polepole kama anayemfunika mtu shuka. Akazunguka gari, akapiga bodi kwa vifundo vya vidole, akisikiliza. "Upande mzima huu ni wa kuungwa," alisema. "Na aliyeunga alijua kuficha. Wamelipa rangi mpya, wamelipa namba mpya, wamemuuzia mtoto wa mwenyewe." Akafuta mikono kwenye suruali. "Tulitoe hapa, Bi Tupa. Mimi gari la hivi silitii nyundo."

"Nenda kanywe chai."

"Nimeshakunywa."

"Kanywe nyingine."

Alibaki peke yake na kazi. Aliegemeza tindo kwenye ukingo wa kisiki, akagonga kwa pembeni ili bolti izunguke nyuma. Kila pigo, usukani ulisogea kushoto, upana wa kidole. Aliunyoosha. Akagonga. Ukaenda kushoto. Alijiambia ni tairi, upepo haulingani. Akashuka akakagua matairi yote mawili ya mbele kwa mkono, yakawa sawa, akarudi. Kona ya korongoni ilikuwa ya kushoto. Alifanya kazi nusu saa bila kuuangalia usukani, na muda wote alihisi kuna mtu anaushika kwa upande wa pili, hana nguvu, hana haraka, anaukata tu, anaukata.

Kifuli kilitoka, kizito, kimejaa grisi nyeusi. Alikipeleka mezani akakifungua.

Ndani ya kitasa kizima hukaa vibati vinane vya shaba, vyembamba kama ukucha, kila kimoja na springi yake. Ndivyo vinavyoutambua ufunguo wa gari hilo na kukataa wa jirani. Humu vilikuwamo viwili. Nafasi za vile sita vingine zilikuwa tupu, safi, zimefutwa moja baada ya nyingine na mtu mwenye mkono mzuri. Na kale kanundu kanakouzuia ufunguo usirudi kwenye kufunga mpaka uubonyeze kwa makusudi, kalikuwa kamesuguliwa kakaisha kabisa.

Hapo ndipo ilipomjia kumbukumbu ambayo haikuwahi kumjia.

Mpango ni huu, alisema Bwana Mpango. Funguo zinapotea, madereva wanaumwa na funguo mfukoni, magari yanalala. Tunataka ufunguo mmoja kwa magari yote. Magari yalikuwa thelathini na moja. Mafundi wanaume walisema haiwezekani, na Bi Tupa akasema inawezekana. Hakulazimishwa. Alikuwa mwanamke pekee karakana nzima, na alitaka wamwone. Alitoa vibati kwa kibano, sita sita. Ufunguo wa jumla ulipokuwa unakwamakwama kwenye kale kanundu, akakasugua nako. Siku ya kuonyesha, ufunguo mmoja uliwasha magari kumi na moja mfululizo, uwanja mzima ukapiga makofi. Bwana Mpango alipewa cheti chenye fremu. Yeye alipewa soda.

Na mdogo wake alisimamisha gari mbele yake wiki moja baadaye, akashusha kioo, akiegemea mlango kama kawaida yake.

"Dada, ufunguo wako unarudi wenyewe."

"Punguza funguo kwenye huo mnyororo. Kwani wewe askari jela?"

Walicheka, wote wawili. Siku tisa kabla ya korongo. Kwa miaka ishirini na miwili alitembea na shati la mistari la mtu asiyemjali, na maneno haya aliyoambiwa na ndugu yake tumbo moja akayaweka mahali asipoweza kuyapata. Na mkaguzi je? Mkaguzi alichukua ufunguo wa gari lake mwenyewe, maana ufunguo ulikuwa mmoja kwa yote, akazungusha, kifuli kikaachia, usukani ukazunguka. Mzima, akaandika. Hakudanganya. Yeye Bi Tupa ndiye aliyemwezesha asidanganye.

Alifunga kifuli kipya. Alikishikiza bolti kwa vidole kwanza, akachomeka ufunguo, akajaribu ulimi unaofunga usukani uingie na kutoka, ukaingia na kutoka, mara ishirini alihesabu. Hapo ungeweza kusema kazi imekwisha. Hatua nne kutoka mezani lilikuwapo lundo la vyuma chakavu, na chuma kikitupwa pale hakina jina. Alisimama na kifuli cha zamani mkononi, na kwa mara ya kwanza akawaelewa vizuri sana watu aliowatukana maisha yake yote. Alikuwa na kila walichokuwa nacho: jambo la zamani, mtu mwingine wa kubebeshwa, na maiti isiyobisha. Asingelazimika hata kusema uongo. Angeendelea tu na barua zake, Bwana Mpango hivi, Bwana Mpango vile, na yote yangekuwa kweli, isipokuwa kipande. Ndivyo wanavyofanya, alifikiri. Hawaamki asubuhi wakasema tumzulie marehemu. Wanaacha kipande.

Alikaza bolti za kifuli kipya mpaka vichwa vikakatika, tak, na baada ya pumzi mbili, tak. Akauachia usukani. Ukaenda kushoto.

Alimwamsha mkunga kwa kumgusa goti.

"Limepona?" mkunga aliuliza, anafikicha macho.

"Hili ndilo gari la baba yako."

Mkunga hakuelewa, kisha akaelewa, akasimama na ndoo ikaanguka. Bi Tupa alimwekea kifuli mkononi akamwonyesha kwa ncha ya bisibisi, nafasi moja moja, bila kuruka. Akamweleza mlima, kituta, mtetemo, mzigo wa funguo unaovuta chini, ufunguo unarudi, injini inazima, ulimi unatoka, na mtu ana kona mbele yake.

"Kwa hiyo hakuwa amelewa."

"Hakuwa amelewa. Alikata kona, usukani ukamkatalia."

"Mbona hilo unaniambia tangu nina miaka sita?"

"Sikukuambia ni nani aliyeharibu kifuli. Nilikuwa namsaka, mwanangu. Ni mimi."

Mkunga alikirudisha kifuli mezani, taratibu, kama kitu kilicho hai. Akaenda bombani. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kwa sabuni ya mafundi ile inayokwangua, kidole kwa kidole, kama anavyonawa kabla ya kumpokea mtoto. Nyundo alikuwa amerudi na chai yake ya pili, amesimama nayo bila kuinywa. Maji yalitiririka muda mrefu. Bi Tupa aliyasikiliza na akatamani atukanwe.

Mkunga alirudi akijikung'uta mikono. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ya wodini.

"Chukua karatasi. Andika."

"Niandike nini?"

"Wewe si mwandishi? Andika kama unavyowaandikia kila siku. Anza na jina lako."

Hapakuwa na karatasi. Bi Tupa alichana boksi la kile kifuli kipya, akaandika upande wa ndani, kwa herufi zake kubwa za kujifundisha mwenyewe. Aliandika jina lake kamili, lile ambalo gereji nzima haikulijua. Aliandika kwamba kwa agizo la mkuu wa karakana, na kwa mikono yake mwenyewe na kwa furaha yake, aliharibu vitasa vya magari ya idara. Kwamba dereva alimwambia na yeye akamfanyia mzaha. Kwamba dereva hakuwa na kosa. Akatia sahihi. Ilikuwa barua fupi kuliko zote alizowahi kuandika.

Mkunga aliisoma mara mbili akaikunja. "Hii nitaipeleka mimi. Wewe wamekuzoea."

"Mwanangu..."

"Usiniulize kama nimekusamehe. Sijui. Nitakujibu siku nyingine, au sitakujibu. Yalikuwa mangapi?"

"Nini?"

"Magari, shangazi. Uliyoharibu."

"Thelathini na moja."

"Yako wapi?"

Miaka ishirini na miwili ya kuuliza maswali, na hilo Bi Tupa hakuwahi kuuliza. Yaliuzwa mnadani, hilo alilijua. Yalinunuliwa na watu wa kawaida, maana tajiri hanunui kopo la serikali. Yakapakwa rangi.

"Kuna mtu anaendesha sasa hivi," alisema mkunga. "Vaa viatu."

Kijiwe cha magari ya kukodi kilikuwa nyuma ya soko la nguo. Walikwenda kwa miguu. Hakuna aliyesema wapande lile gari. Magari kama kumi na mawili yalikuwa yamepangana, mengi ya umbo lile lile la zamani, na madereva wamekaa kwenye kivuli cha ukuta. Walimfahamu.

"Bi Tupa huyo. Leo unamsema nani?"

"Leo najisema mimi," alijibu, na kwa kuwa alikuwa na sauti ya mikutanoni, waliokuwa mbali nao wakageuka.

Aliwaeleza. Aliinua kifuli juu wakione. Alimtaja mdogo wake, kazi yake, korongo lake, na ya kwamba hakunywa. Wengine walitabasamu, wamezoea vituko vyake. Mmoja alinong'ona kwamba jua limempata mama wa watu. Dereva mmoja kijana, mwenye mswaki mdomoni, ambaye gari lake lilikuwa linaunguruma likisubiri abiria, alicheka kabisa.

"Sasa hiyo ndiyo unaiita ubovu? Mbona hilo ndilo raha ya hili langu." Aliingiza mkono dirishani, akauchomoa ufunguo, akaja akamwonyesha kwenye kiganja. Nyuma yake injini iliendelea kuunguruma. "Ona. Naenda dukani, narudi, linaniwakia tu. Mwizi gani atajua?"

Kicheko kilianza upande mmoja, kikafa kabla ya kufika upande wa pili. Walikuwa wanautazama ule ufunguo, kisha gari, kisha kifuli mkononi mwa Bi Tupa. Mzee mmoja kati yao aliinuka akaenda kwenye gari lake bila kuaga. Mwingine akamfuata.

"Zima, mwanangu," alisema Bi Tupa.

Kijana alirudi, akachomeka, akazungusha. Injini ikazima, na ulimi wa kifuli ukagonga. Alisimama mkono wake bado uko dirishani, ametoa mswaki mdomoni.

"Huyo mdogo wako," alisema mwishowe. "Walisema alikuwa amelewa?"

"Walisema."

"Hili alikuwa nalo kaka yangu kabla yangu." Hakuwa anamtazama mtu. "Yeye walisema alisinzia."

Bi Tupa aliweka kifuli chini, kwenye vumbi. Alisogea akakaa ukingoni mwa mtaro karibu na gurudumu la gari, na mkunga akakaa upande wa pili, akimwachia kijana nafasi katikati.

"Kaa," alisema Bi Tupa. "Niambie. Alikwambia nini kuhusu ufunguo?"